Fundi Sikio na Mlango Uliokataa

Mume wangu ni fundi wa milango ya magari ambayo sisi hatuyapandi ila kwa kuyajaribu. Usimpelekee injini, atakutazama kana kwamba umemvunjia heshima. Usimwulize habari za breki wala rangi. Kazi yake ni mlango, na katika mlango wenyewe ni kile kidude kilichojificha ndani ya bati, kinachoamua kama utatoka au utabaki humo. Gereji nzima wanamwita Fundi Sikio, na jina hilo hakupewa kwa upendeleo. Mafundi wengine huanza na bisibisi. Yeye huanza kwa kuinama, anaweka sikio kwenye bati la mlango, anabonyeza, anasikiliza, kisha anasimama na kukuambia kilichoharibika. Kwa miaka mingi alikuwa hakosei. Habari ninayotaka kusimulia ni ya mwaka alipoanza kukosea, mwaka ambao mimi nilikuwa nimeshaamua kumwacha.

Mimi ni fundi wa viti. Nashona ngozi na vitambaa vya magari kwenye chumba kilicho ubavuni mwa chumba chake, na kilichotutenga ni ubao mwembamba tu usiozuia hata chafya. Upande wake wa pili yuko fundi wa bodi, anayenyoosha mabati yaliyopondeka kwa nyundo kuanzia asubuhi hadi jua linapozama. Hivyo mume wangu amekaa maisha yake yote ya kazi katikati ya cherehani na nyundo, na cherehani ndiyo yenye adabu.

Baba yake alikuwa fundi wa makufuli. Mtoto wa fundi wa makufuli hachezei mpira kwanza. Anachezea funguo zilizokatika. Alijifunza kulisikiliza kufuli kabla hajajua kusoma, na alipokuwa kijana akahamia kwenye vitasa vya magari kwa sababu, kama anavyosema mwenyewe, nyumba haikuletei wateja kwa magurudumu. Yalipoanza kuingia magari ya spoti yenye milango ya umeme, wenzake waliruka kando. Walisema hayo ni mambo ya kompyuta, tusije tukalipa gari la mtu. Yeye alicheka akasema umeme umechukua nafasi ya mkono tu, mlango bado ni mlango.

Na mimi nikaujua mlango huo bila kutaka. Wanawake wengine wakila na waume zao husikia habari za siasa. Mimi nilikuwa naambiwa habari za vitasa. Alikuwa anasogeza sahani, anachukua kibanio cha nguo na mpini wa kijiko, anaanza somo.

Gari la kawaida lina kishikio, alikuwa anasema. Ukikivuta, unavuta waya wa chuma, waya unavuta kitasa, kitasa kinaachia, umetoka. Gari la spoti linajisikia. Halitaki kuonekana na kishikio. Nje limeacha mahali laini tu pa kugusa, na ndani kitufe kidogo. Sasa ukikibonyeza kitufe hicho, usidhani umefungua kitu, umeomba tu. Ombi lako linapita kwenye waya mwembamba hadi kwenye kompyuta ya mlango, nayo inauliza maswali yake: gari limesimama? Ufunguo uko karibu? Ikiridhika, inashusha kioo kwanza, upana wa kidole tu, maana milango hii haina fremu na kioo kimejibana juu kwenye mpira wa paa. Kioo kikishajinasua, ndipo mota ndogo inapozungusha gia, gia inavuta kidole cha chuma, na ndoano iliyokuwa imeng'ang'ania pete ya kwenye nguzo ya gari inaachia. Hapo alikuwa anabana kibanio cha nguo kwenye mpini wa kijiko, halafu anakiachia, na watoto walipokuwa wadogo walikuwa wanapiga makofi.

Kila hatua ina mlio wake. Tik: kompyuta imekubali. Zii: kioo kinashuka. Krr-tak: mota imezunguka, ndoano imeachia. "Ukikosa krr," alikuwa anatuambia, "umeme haufiki. Tafuta waya, tafuta fyuzi, tafuta kitufe. Ukipata krr ukakosa tak, umeme unafika ila gia imekufa. Basi. Elimu yangu yote ndiyo hiyo, mnaweza kwenda kulala."

Huyo ndiye mwanamume niliyeolewa naye: mzungumzaji, mcheshi, anayeweza kukutolea somo kwa kibanio cha nguo. Sasa mfikirie mtu huyo ananyamaza.

Ilianza na mambo madogo. Nikimwomba chumvi, haji na chumvi. Nikimsimulia habari za binti yetu na mwenye nyumba wake, anainuka katikati ya maneno yangu na kwenda kuangalia kama geti limefungwa. Nikimwuliza swali nikiwa jikoni, ananyamaza, au anajibu "mm", au anajibu jambo jingine kabisa. Siku moja nilimwuliza kama atakula sasa au baadaye, akaniambia ni ya kijani. Watu wakija nyumbani, alikuwa anakaa pembeni anatabasamu, wakicheka anacheka, wakiondoka anauliza walifuata nini. Masomo ya mezani yalikwisha. Nilihisi nimekuwa redio iliyosahauliwa ikiwa imewashwa, inaongea kwenye chumba kitupu.

Nikaanza kusema: huyu mwanamume hasikii. Nilimwambia fundi wa bodi. Nilimwambia mama anayetuuzia nyuzi. Nilimwambia kaka yangu kwenye simu. Na kwetu sisi tunaozungumza Kiswahili, asiyesikia si mgonjwa. Ni mkaidi. Mtoto asiyesikia huchapwa, mume asiyesikia huitiwa kikao. Nami nikamwitia kikao kwa dada yake mkubwa, wifi yangu, mwanamke mwenye kauli nzito ambaye hata mume wangu humwogopa.

"Wifi," nikamwambia, "mdogo wako hasikii. Nimesema hadi nimechoka. Ametia pamba masikioni."

Wifi akatikisa kichwa, akacheka kidogo. "Ndivyo walivyo wanaume wa kwetu, mama. Baba yetu naye, kufikia umri huu, alikuwa hasikii kabisa. Tulikuwa tunamwacha tu."

"Basi mimi siwezi kumwacha tu," nikasema. "Labda nimwache kabisa."

Hakucheka tena. Aliniambia nivumilie, nami nikamjibu kwamba uvumilivu nilioletwa nao ulikuwa umeisha, labda wanikopeshe wa kwao.

Jioni moja baada ya hapo nilikuwa naosha vyombo, yeye amekaa mezani nyuma yangu. Nilikuwa nimeshazungumza na kaka yangu, naye ameniandalia chumba. Nikapiga moyo konde. Sikugeuka, kwa sababu nilijua nikimtazama usoni nitalia, na sikutaka machozi yanisemee. Nikasema, maji yakitiririka mbele yangu, "Mwisho wa mwezi nahamia kwa kaka. Nimechoka, baba. Sina ugomvi, nimechoka tu."

Nyuma yangu akasema, "Sawa."

Sawa! Hakuuliza kwa nini. Hakuuliza hadi lini. Miaka yote ile, watoto wote wale, na jibu lake ni lile lile unalompa mtu aliyekuambia anakwenda dukani. Niliendelea kuosha sahani ambayo ilikuwa imeshatakata. Chumvi ningemsamehe, geti ningemsamehe, lakini neno lile sikuweza kulisamehe. Hilo la kuhama alilisikia, niliwaza, maana alilijibu.

Ndani ya wiki zile ndipo lilipokuja gari jekundu la daktari wa meno. Lilikuwa gari la chini kiasi kwamba mtu akishuka ni kama anainuka kutoka kwenye mkeka, na mlango wa dereva ulikuwa umekataa kufunguka kwa ndani. Daktari mwenyewe alikuwa mama mrefu, mwenye utani. Alisema alikwama humo mbele ya kliniki, wagonjwa wake wakimtazama kupitia dirishani, hadi akalazimika kujipitisha juu ya kiti cha pili na kutokea mlango wa upande ule, miguu ikitangulia.

"Fundi," akasema, "mimi kutwa nafungua midomo ya watu, ila mlango wangu umenishinda."

Mume wangu alicheka kwa kuchelewa kidogo. Akainama, akaweka sikio kwenye bati, akabonyeza. Akasimama na kutangaza kwamba umeme haufiki. Akabadilisha kitufe, akabadilisha waya unaokwenda kwenye kitufe, na gari likaondoka. Siku chache baadaye likarudi na ugonjwa ule ule. Fundi wa bodi alipoliona likiingia aliacha nyundo akasema kwa sauti ya watu wote, "Leo Sikio limeingia kutu." Watu wakacheka. Mume wangu naye akacheka pamoja nao, na ndipo nilipoona kwamba hakujua wanacheka nini.

Niliona hivyo, lakini nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira huona vitu asivifanyie kazi. Nikadhani anajifanya.

Daktari alikuwa ameniachia kazi ndogo na mimi: mshono wa kiti cha abiria ulikuwa umefumuka. Mchana huo nikaingia na sindano yangu upande wa abiria, nikafunga mlango ili vumbi la msasa lisiingie kwenye ngozi. Mume wangu akaja akakaa kwenye kiti cha dereva ili aujaribu mlango kwa ndani, naye akaufunga. Hatukusalimiana. Vioo vya gari lile ni vinene. Nyundo ya jirani ikawa kama ya mtaa mwingine, na kimya kilichobaki humo ndani kilikuwa kizito, kwa sababu kilikuwa ni cha kwetu, tumekileta kutoka nyumbani.

Akainamisha kichwa kwenye mlango. Akabonyeza.

Tik. Zii. Halafu krrrrrr, ndefu, yenye kukwaruza, kama mtu anayesaga kahawa. Tak haikuja.

"Kimya," akasema. "Umeme haufiki kabisa. Itabidi nifumue waya zote za mlango huu."

Nilidhani ananitania, nikafurahi kwa sekunde moja, maana utani ungekuwa ni mazungumzo. "Bonyeza tena," nikamwambia. Hakubonyeza. Nikanyoosha mkono juu ya mapaja yake na kubonyeza mwenyewe. Krrrrrr. Mota ilikuwa inalia karibu na goti lake kiasi kwamba niliuhisi mtetemo kwenye kiwiko changu.

"Umeona?" akasema. "Kimya tu."

Sindano ikabaki hewani. Mimi si fundi wa milango, lakini somo lile nimelila pamoja na chakula kwa miaka. Ukipata krr ukakosa tak, umeme unafika ila gia imekufa. Hata binti yetu angelijua hilo akiwa usingizini. Nikamtazama kisogo chake, kimeinama kwenye mlango, kinasikiliza kwa bidii yote kitu kisichokifikia.

"Baba," nikamwita, kwa sauti ile ile ninayomwitia nyumbani.

Hakugeuka.

"Baba. Suruali yako imechanika nyuma."

Mume wangu ni mtu wa kujipenda. Miaka yote, ukimwambia hivyo, mkono unakwenda nyuma kabla hujamaliza. Safari hii mkono ulibaki kwenye mlango. Nikamgusa bega, akageuka, na nikaona jambo ambalo sijui nilikuwa nalipitaje siku zote: hakunitazama macho. Alinitazama mdomo.

"Mota inalia," nikasema polepole.

"Inalia?"

"Inalia sana. Krr, bila tak."

Akauangalia mlango. Akabonyeza tena, na safari hii hakuinama, aliweka kiganja tu kwenye bati, akakaa hivyo hadi mota ilipojizima. Kisha akaweka mikono yote miwili kwenye usukani wa gari la mtu, kama mtu anayeendesha, na hatukuwa tunakwenda popote.

"Tangu lini?" nikamwuliza. Nilijisogeza ili anione. Hakujifanya hakuelewa swali.

"Sijui," akasema. "Sauti zilianza kupotea, ndogo ndogo. Kwanza zii ya kioo. Halafu simu. Nikadhani simu ni mbovu." Nikakumbuka ile simu mpya, na jinsi nilivyomsema kwa kuinunua. "Halafu watu wakaanza kuongea kama wamejifunika blanketi. Mtu akinigeukia, nampata. Wewe nakupata vizuri zaidi ya wote, nimeuzoea mdomo wako. Ila ukinipa kisogo umeniacha njiani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Naitwa Sikio, mama. Watu wanaleta magari kutoka mbali kwa sababu ya jina hilo. Nitoke nje nikatangaze Fundi Sikio hasikii? Nani ataniletea mlango?"

Neno hilo likatoka mdomoni mwake mwenyewe. Hasikii. Nililitumia kwa watu wote, nikalipeleka hadi kikaoni, na hakuna aliyelielewa, mimi nikiwa wa kwanza. Wifi aliniambia waziwazi kwamba baba yao naye alikuwa hasikii kabisa kufikia umri huu, nami nikalipokea kama habari ya ukaidi wa ukoo.

"Na mimi je?" nikasema, na sauti ikanipanda bila ruhusa yangu. "Mimi ni gereji? Mimi ningekupeleka kwa fundi mwingine? Nilidhani umenichoka!"

"Mimi nilidhani wewe ndiye umenichoka. Umenuna tangu mvua zilipoanza."

"Nimenuna kwa sababu hunijibu!"

"Sikujibu kwa sababu..." Akajipiga paji la uso kwa kiganja, na nikaona macho yake yamejaa maji. Nilimhurumia kuliko nilivyowahi kumhurumia kiumbe chochote, na bado nilikuwa na hasira naye. Nilitaka kumzaba kofi na nilitaka kumkumbatia, na gari lile lilikuwa jembamba mno kwa yote mawili. Nikamshika mkono. Tukakaa hivyo, watu wazima wawili katika gari jekundu la spoti, tunalia kama tumepangiwa zamu.

Lakini lile la "sawa" sikumwuliza. Niliogopa. Mambo mengine yote yalikuwa yamepata maelezo, na hilo peke yake lilikuwa na jibu ambalo nililisikia kwa masikio yangu mazima.

"Tutoke," akasema baadaye, akabonyeza kitufe kwa mazoea, na mlango ukakataa. Tukacheka hadi machozi yakabadilika ladha. Akapeleka mkono chini, karibu na kizingiti, akafunua kifuniko kidogo cha plastiki na kuvuta kamba iliyokuwa humo. Mlango ukaachia kwa mkwaruzo wa kioo na mpira.

"Hii haitumii umeme," akanieleza, na nikasikia ile sauti yake ya mezani imerudi. "Inavuta kidole cha chuma moja kwa moja. Betri ikifa, mtu asife nayo. Ila usiivute ovyo, maana kioo kinakuwa hakijashuka, unaweza kukivunja. Na watengenezaji wanaificha kama vile ni aibu. Wenye magari wengi hawajui hata kama ipo."

Upande wangu mlango ulikuwa mzima. Tungeweza kutokea huko muda wowote, lakini hakuna aliyekumbuka.

Alifungua ngozi ya mlango, akatoa kitasa, akakipasua juu ya meza yangu ya kushonea kwa sababu ilikuwa na mwanga. Gia ilikuwa ya plastiki, nyeupe, na meno yake upande mmoja yalikuwa yamelika hadi yakawa laini. Mota ilikuwa inazunguka na kuikwaruza bila kuishika. Akaipangusa kwa kidole, akasema, "Kumbe ulikuwa unalalamika muda wote," na sikujua anaiambia gia au ananiambia mimi. Akaweka gia nzima aliyoitoa kwenye kitasa kingine cha zamani, akarudisha kila kitu mahali pake.

Halafu akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimjue. Alinivuta mkono, akaniinamisha, akaniwekea sikio kwenye bati la mlango. Yeye akakaa mbele yangu ili aone mdomo, kiganja chake kimelala juu ya kitasa.

"Sema," akasema, akabonyeza.

"Tik."

"Mm."

"Zii. Krr-tak. Umeachia!"

"Subiri, usishangilie. Tak ni nzito au nyepesi?"

Sikuwahi kufikiri kwamba tak inaweza kuwa na uzito. "Nyepesi," nikasema.

"Nyepesi kama nini?"

"Kama... kama kijiko kikigonga sahani."

Akakunja uso, akalegeza skrubu, akasogeza kitasa kiasi cha unywele, akakaza, akabonyeza.

"Sasa?"

"Sasa ni kama mlango wa kabati."

"Kabati la wapi? La jikoni au la nguo?"

"La nguo," nikasema, na nilikuwa na uhakika. "Limejaa."

"Ndiyo hiyo," akasema, akatabasamu kwa uso wote. "Ndiyo yenyewe hiyo."

Daktari alipokuja kuchukua gari, nilitegemea mume wangu atamwambia kwamba ilikuwa gia, basi. Badala yake alijifuta mikono, akasimama wima, akamwambia mbele ya fundi wa bodi na watu wake, "Daktari, mara ya kwanza nilikosea. Masikio yangu yamepungua. Leo amesikiliza mke wangu." Alisema kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama wanavyosema watu wasioisikia sauti yao wenyewe, na gereji nzima ikapata habari kwa mkupuo mmoja. Najua jambo hilo lilimgharimu nini.

Daktari hakucheka. Alijisogeza mbele yake ili amwone vizuri, akamwambia kuna mwenzake anayepima masikio, kwamba siku hizi kuna vifaa vidogo vya kusaidia, kwamba asikae navyo mbali kwa ajili ya aibu. Mume wangu akamwonyesha ile kamba ya chini ya kifuniko, naye akaivuta, akaivuta tena, akasema kumbe siku ile aliwaonyesha wagonjwa miguu yake bure. Gari likaondoka. Fundi wa bodi akakuna kichwa. "Sasa jina tumpe nani?" akauliza. "Tumhamishie mama?" Hakuwa na dharau, alikuwa anatafuta pa kuweka huruma yake, nami nikamwambia jina libaki kwa mwenyewe, mimi nitaliazima saa za kazi.

Jioni tulikwenda kunawa kwenye bomba la uani. Yeye alitangulia, akainama, maji yakimwagika mikononi mwake, nyundo ya fundi wa bodi ikimalizia bati la mwisho. Nikasimama nyuma yake. Nilikuwa nimefikiri mchana kutwa juu ya ile "sawa". Nikajiambia: labda alisema kwa uchovu. Labda alisema kwa sababu mwanamume anayepoteza kazi yake hana nguvu ya kumzuia mtu. Na hata kama aliimaanisha, nikajiambia, nimeijua hali yake sasa, siwezi kumwacha peke yake na milango isiyolia. Nikasema kwa sauti ya chini, nikijiambia mwenyewe zaidi kuliko yeye, "Siendi tena kwa kaka."

Akafunga bomba, akageuka. Labda aliona kivuli changu kikitikisika.

"Umesema kitu," akasema. "Rudia, mama. Sikusikia."

Hakuwahi kuniambia maneno hayo. Kipindi chote kile cha mm na kimya, hakuwahi kuyasema. Nikarudia, nyundo ikayafunika. Akaweka kiganja nyuma ya sikio, akaniinamia, akasubiri. Nikajaza kifua pumzi na kupiga kelele:

"Nimesema siendi tena kwa kaka!"

Na nyundo ikawa imenyamaza wakati ule ule. Uani pote pakasikia. Na wote walikuwa wanajua habari ya kuhama kwangu, kwa sababu niliwaambia wote: fundi wa bodi alijua, watu wake walijua, mama wa nyuzi aliyekuwa akipita getini alijua. Kila mmoja akaangalia chini, akajifanya ana kazi mikononi.

Mume wangu peke yake alikuwa ananitazama, maji yakimdondoka kwenye viwiko.

"Kwa kaka yako?" akauliza. "Kulikuwa na safari ya kwa kaka yako?"

Nilimtafuta usoni, nikakuta mshangao mtupu. Nikaikumbuka jioni ile, maji yakitiririka kwenye vyombo, kisogo changu kikiwa kwake, na lile neno lake moja ambalo nililibeba wiki zote zile na ambalo halikuwa jibu la chochote.

"Ndiyo," nikasema kwa sauti ya kumfikia. "Nilitaka kwenda kusalimia tu."

"Sasa si ungeniambia," akasema, akijifutia mikono kwenye suruali, "tukaenda wote."